Sura ya Tano: Mpwa Apiga Magoti

Mwaka 1490 ukoo wa Hohenzollern wa Ujerumani ulijaliwa watoto wawili wa kiume, na wote wawili wakaitwa Albrecht. Wa kwanza alizaliwa Ansbach mwezi Mei. Wa pili, mtoto wa baba yake mkubwa, alizaliwa wiki chache baadaye upande wa Brandenburg. Wote walikuwa na kaka waliowatangulia, na katika koo za watawala wa zama hizo mtoto wa nyuma hakuwa na kikubwa cha kurithi. Njia yake ilikuwa Kanisa. Huko kulikuwa na maaskofu waliotawala ardhi na vyeo vyenye mapato manono, na wazazi wenye uwezo waliwahangaikia watoto wao kupata vyeo hivyo kama wazazi wa leo wanavyohangaikia kazi ya serikalini.

Albrecht wa Brandenburg alipanda ngazi haraka. Mwaka 1514 alikuwa Askofu Mkuu wa Mainz, cheo kilichomtia kwenye deni kubwa kwa akina Fugger, wenye benki wa Augsburg. Papa akaruhusu rehema zihubiriwe na kuuzwa katika majimbo yake, nusu ya makusanyo ikalipe deni. Biashara hiyo ndiyo iliyomuudhi mtawa mmoja wa Wittenberg, Martin Luther, hadi mwezi Oktoba 1517 akatoa hoja zake 95.

Albrecht wa Ansbach ndiye mwenye sura hii. Inafaa tuwaone pamoja tangu mwanzo, kwa sababu Luther aliwashauri wote wawili jambo lilelile: oa, achana na nadhiri, na nchi unayoishika kwa jina la Kanisa uifanye ya ukoo wako. Askofu wa Mainz alipoandikiwa ushauri huo mwezi Juni 1525 hakuufuata, akafa akiwa kardinali. Binamu yake alikuwa ameshaufuata miezi miwili kabla.

Albrecht wa Ansbach alikuwa Mkuu wa Shirika la Wateutoni, na hapo tunalazimika kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1190, majeshi ya Vita vya Msalaba yalipokuwa yameuzingira mji wa Akka katika pwani ya Palestina, wafanyabiashara wa Bremen na Lübeck walifungua hospitali ya kuwauguza Wajerumani wenzao. Miaka minane baadaye wauguzi wale wakawa wapiganaji pia: watawa wenye nadhiri za ufukara, useja na utii, waliovaa upanga juu ya nadhiri zao. Vazi lao lilikuwa joho jeupe lenye msalaba mweusi. Katika karne ya 13 Konrad wa Mazovia, mtawala wa Kipolandi, aliwaita wamsaidie dhidi ya Waprussia, watu wa kando ya Bahari ya Baltiki waliokuwa bado wanashika dini ya mababu zao. Wateutoni walikuja, wakawapiga Waprussia, wakawabatiza kwa upanga, na wala hawakuondoka. Wakajenga ngome za matofali mekundu, kubwa kuliko zote ikiwa Marienburg. Wakaleta wakulima kutoka Ujerumani. Wakahodhi biashara ya kaharabu, ile iliyotupwa ufukweni na mawimbi, na mwanakijiji aliyeificha kwa ajili ya kuiuza mwenyewe aliweza kunyongwa.

Kazi yao ya kupigana na wapagani ilikosa maana mwaka 1386, pale mtawala wa Lithuania, Jogaila, alipobatizwa akawa mfalme wa Poland. Wapagani wa kupigana nao wakaisha. Wakabaki majirani Wakristo. Tarehe 15 Julai 1410 majirani hao waliwavunja Wateutoni kwenye uwanja wa Grunwald, na Mkuu wa Shirika, Ulrich von Jungingen, akauawa hapohapo. Aibu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuja mwaka 1457. Mamluki waliowekwa kulinda Marienburg hawakulipwa mishahara yao, na mkono mtupu haulambwi: waliiuza ngome yenyewe kwa mfalme wa Poland. Amani ya Toruń ya mwaka 1466 ilichukua nusu ya nchi, na kwa ile iliyobaki kila Mkuu mpya alitakiwa kula kiapo mbele ya mfalme. Makao yakahamia Königsberg.

Ili kukikwepa kiapo, ndugu wa Shirika walianza kuwachagua wakuu wao kutoka koo kubwa za Ujerumani, wakitumaini kwamba mwana wa ukoo mkubwa hatasukumwa ovyo. Mwaka 1511 walimchagua Albrecht. Alikuwa kijana wa miaka 20 hivi, aliyewahi kwenda vitani Italia pamoja na Kaizari Maximilian. Tena alikuwa na sifa nyingine: mama yake, Sophia, alikuwa dada wa Mfalme Sigismund wa Poland. Ndugu wakapiga hesabu kwamba mjomba hatamkaba koo mpwa wake.

Hesabu ilikosea pande zote. Albrecht alikataa kuapa, akazungukazunguka kwa miaka minane akitafuta marafiki, hadi mjomba akachoka. Vita vilianza Desemba 1519 na vikawa vita vya kuchoma vijiji zaidi ya kupigana. Upande wa Warmia, Wateutoni walipoutishia mji wa Allenstein, aliyekuwa akisimamia maandalizi ya ulinzi wa ngome ni kanoni mmoja wa kanisa kuu la Frauenburg aitwaye Nicolaus Copernicus, ambaye dunia inamkumbuka kwa mambo mengine kabisa. Mamluki ambao Albrecht aliwasubiri kwa hamu kutoka Ujerumani walifika wakiwa wengi, wakakuta hakuna mishahara, wakatawanyika. Fedha zilikwisha kabla ya uhasama. Aprili 1521 pande mbili zilikubaliana kusimamisha mapigano kwa miaka minne, na kila mtu alijua mwaka 1525 ungekuwa mwaka wa kuamua.

Katika miaka hiyo minne Albrecht alisafiri Ujerumani akiomba msaada. Kaizari Karl V alikuwa na Wafaransa upande mmoja na Waturuki upande mwingine. Nchi ya mbali ya watawa wenye madeni haikumshughulisha. Mwaka 1522 Albrecht alikaa Nuremberg kwa ajili ya Baraza la Dola, na huko akawa anakwenda kanisa la Mtakatifu Lorenz kumsikiliza mhubiri kijana, Andreas Osiander. Mahubiri yalimwingia. Mpaka uzee wake Albrecht alimtaja Osiander kuwa baba yake wa kiroho, na tutaona baadaye kwamba shukrani hiyo ilimgharimu.

Juni 1523 alimtuma mtu kwa siri kwa Luther, akiwa na nakala ya kanuni za Shirika, kuuliza zirekebishweje. Mwishoni mwa Novemba akaenda mwenyewe Wittenberg. Walikuwepo Luther na mwenzake Philipp Melanchthon. Luther hakuona faida ya kuziba viraka: alimwambia aziache hizo kanuni za ovyo, aoe, na aigeuze Prussia kuwa nchi ya mtawala wa kawaida. Tunajua kilichofuata kwa sababu Luther mwenyewe alikisimulia kwenye barua ya Julai mwaka uliofuata. Albrecht alitabasamu, asijibu neno.

Hebu tumtazame mtu huyu hapo alipoketi. Ana miaka 33. Amevaa alama ya msalaba aliyoapa kuitetea, mbele ya mtu ambaye Papa amemtenga na Kanisa na Kaizari amemharamisha. Angeweza kukasirika, angeweza kusema ndiyo. Alitabasamu. Wapo wanaolisoma tabasamu hilo kama unafiki wa mtu aliyekwisha kuona mali ya bure. Wapo wanaoliona kuwa furaha ya mtu ambaye dhamiri yake imepata wa kuisemea. Mimi sioni kwa nini tuchague. Imani yake ilikuwa ya kweli; miaka 40 iliyofuata inaithibitisha, maana aliigharamia kwa fedha na kwa usumbufu mwingi. Faida nayo ilikuwa ya kweli, na aliiona siku ileile. Swali lenye uzito zaidi ni lile ambalo hakuna aliyeuliza pale Wittenberg: uhuru huu ambao Mkuu anapewa ni wa nani mwingine?

Alipokuwa bado Ujerumani, Königsberg ilimtangulia. Septemba 1523 Johann Briessmann, aliyetumwa na Luther, alihubiri katika kanisa kuu la mji. Siku ya Krismasi aliyepanda mimbari ni askofu mwenyewe, Georg von Polentz, aliyekuwa pia akikaimu utawala wa nchi kwa niaba ya Albrecht, na akahubiri mafundisho mapya waziwazi. Alikuwa askofu wa kwanza kuyakubali Matengenezo ya Kanisa. Muda si mrefu akaagiza ubatizo ufanyike kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Mji ulishageuka, aliyebaki na joho la zamani alikuwa Mkuu peke yake, ambaye hadharani aliendelea kuwa mkuu mtiifu wa shirika la Kikatoliki.

Miaka minne ilipokaribia kwisha alikuwa na njia tatu. Apigane tena, na hana jeshi. Ajiuzulu, arudi Ansbach akawe mzigo kwa kaka zake. Au amwendee mjomba. Kaka yake Georg na shemeji yao Friedrich wa Legnica ndio waliokwenda kuzungumza na Wapolandi, na tarehe 8 Aprili 1525 mkataba ukatiwa saini mjini Kraków. Shirika linaondoka Prussia. Albrecht anaipokea nchi ileile kutoka mikononi mwa mfalme wa Poland akiwa duke, yaani mtawala wa kurithi, yeye na kaka zake na wana wao wa kiume.

Siku mbili baadaye jukwaa liliwekwa kwenye uwanja wa soko wa Kraków, uwanja ambao bado upo na watalii hupiga picha humo kila siku. Sigismund aliketi katika mavazi yake ya kifalme. Mpwa akapiga magoti, akaapa juu ya Injili, akakabidhiwa bendera ya nchi yake mpya: tai mweusi, taji shingoni, na kifuani herufi S, ya Sigismund, ili pasiwe na wa kusahau nani bwana na nani mtumishi. Karne tatu na nusu baadaye Jan Matejko aliichora siku hiyo kwenye turubai kubwa sana inayoonyeshwa palepale sokoni, katika jengo la Sukiennice. Katikati ya shangwe zote Matejko amemweka Stańczyk, mchekeshaji wa mfalme, ameketi na uso wa mashaka. Mchoraji alijua mwisho wa hadithi, waliokuwapo hawakuujua.

Sigismund alikuwa Mkatoliki asiye na mzaha. Mwaka 1520 alikuwa amepiga marufuku vitabu vya Luther katika ufalme wake. Hata hivyo ni yeye aliyesimamia kuzaliwa kwa nchi ya kwanza Ulaya kuwa ya Kilutheri kwa sheria. Alikuwa na Watatari kusini-mashariki na hazina iliyochoka, na Shirika lilikuwa mwiba wa Poland kwa miaka mia mbili. Mwiba ukitoka bila damu, nani ataulizia dini ya aliyeung’oa? Kwa wakati ule uamuzi ulikuwa wa busara, na siwaelewi wanaomlaumu kwa mambo yaliyotokea baada ya vizazi vinane.

Wateutoni wenyewe walipinga kidogo kuliko mtu angetarajia. Wapiganaji waliobaki Prussia walikuwa zaidi kidogo ya 50, wengi wao wazee au wenye mashamba ya kusimamia, na walihakikishiwa kwamba anayetaka kuoa ataoa na ardhi ataishika. Misalaba ikabanduliwa kwenye majoho. Maaskofu wawili wa nchi walimkabidhi duke mamlaka yao ya kidunia. Mali ya Shirika, misitu, viwanda vya kusagia, ushuru na ufuko wa kaharabu, vikawa mali ya nyumba ya duke. Julai 1526 akamwoa Dorothea, binti wa mfalme wa Denmark, na kwa habari zote zilizobaki walipendana.

Kabla ya ndoa hiyo kulikuwa na watu waliokuwa wamesikiliza mahubiri yaleyale wakaelewa kitu kingine. Mwanzoni mwa Septemba 1525, duke alipokuwa amesafiri, wakulima wa eneo la Samland waliinuka. Ilianzia Kaymen, karibu na Königsberg, na mmoja wa viongozi wao alikuwa msaga nafaka wa pale, Kaspar. Wengi walikuwa wa asili ya Waprussia wale wa zamani. Walidai kupunguziwa kazi za lazima na ushuru walivyotwishwa na makabaila, na walisema, jambo la kusikitisha ukijua kilichofuata, kwamba wao ni watu wa duke na hawataki bwana mwingine katikati. Askofu Polentz, aliyekuwa akikaimu tena, aliwatuliza: wasubiri duke arudi, atawasikiliza. Wakasubiri.

Duke alirudi Oktoba akiwa na askari. Wakulima waliitwa kwenye uwanja nje ya mji, wakazungukwa, wakanyang’anywa silaha, viongozi wao wakachambuliwa na kuuawa. Mtu ambaye alikuwa ametolewa kwenye viapo vyake mwezi Aprili hakuona sababu ya kumtoa mtu mwingine kwenye vyake mwezi Oktoba. Katika miongo iliyofuata kamba ya utwana ilizidi kukazwa Prussia, na waliokuwa watawa wa jana walikuwa miongoni mwa makabaila wa leo.

Naliweka jambo hili hapa katikati makusudi, kwa sababu vitabu vingi hulipita haraka vikikimbilia chuo kikuu. Na chuo kikuu nacho ni haki yake. Mwaka 1544 Albrecht alifungua chuo Königsberg, Melanchthon akitoa mkwe wake, Georg Sabinus, kuwa mkuu wa kwanza. Papa na Kaizari hawakukipa hati, ikabidi itolewe na mfalme wa Poland mwaka 1560. Huko ndiko Immanuel Kant atakuja kusoma na kufundisha. Kwa ajili ya waumini wasiojua Kijerumani, duke aligharamia uchapaji wa vitabu: mwaka 1547 kilitoka Königsberg kitabu cha kwanza kuchapwa kwa Kilithuania, katekisimu ya Martynas Mažvydas, na miaka miwili kabla yake, katekisimu ya Kiprussia cha kale. Lugha hiyo ilikufa mwanzoni mwa karne ya 18. Sehemu kubwa ya tunachokijua juu yake kimetoka katika katekisimu tatu za Albrecht, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1561. Wajukuu wa waliobatizwa kwa upanga waliandikiwa sala kwa lugha yao na mrithi wa walioushika upanga huo, baada ya yeye mwenyewe kuwaua baadhi yao. Mtu mmoja aliyafanya yote mawili, na sioni sababu ya kumfuta mmoja ili abaki mwingine.

Uzee wake haukuwa mwema. Dorothea alifariki mwaka 1547, na katika watoto wao sita ni binti mmoja tu aliyekua. Mke wa pili, Anna Maria wa Braunschweig, alimzalia Albrecht Friedrich mwaka 1553. Vitabu vya dini vya mama huyo vilivyojalidiwa kwa fedha, takriban 20, vimeingia katika historia kwa jina la Maktaba ya Fedha. Mwaka 1549 duke alimkaribisha Osiander, baba yake wa kiroho, akampa kiti chuoni, na Osiander akawagombanisha Walutheri wote wa nchi juu ya maana ya kuhesabiwa haki mbele za Mungu. Osiander alikufa 1552 lakini ugomvi haukufa naye. Mkwewe, Johann Funck, alikuwa mhubiri wa ikulu na mtu wa karibu mno na duke. Pembeni yao akazuka tapeli mmoja kutoka Kroatia, Paul Skalich, aliyejifanya wa ukoo wa kifalme na mzee akamwamini. Makabaila wakashtaki kwa mfalme. Mwaka 1566 makamishna wa Poland walifika Königsberg. Skalich alishakimbia, lakini Funck na wenzake wawili walikatwa vichwa hadharani, mjini kwa duke, na duke hakuweza kuwaokoa. Alifariki tarehe 20 Machi 1568 kwa tauni katika ngome ya Tapiau. Anna Maria alifariki siku hiyohiyo, kwenye ngome nyingine.

Mfano wake ulikuwa umeonekana. Tawi la Shirika lililoko Livonia lilikaa nje ya mchezo huo kwa muda mrefu, lakini mwaka 1561, likiwa limebanwa na majeshi ya Ivan wa Urusi, mkuu wake Gotthard Kettler alifanya vilevile: akavua joho, akawa duke wa Courland chini ya Poland. Mjukuu wake, Jakob, ndiye aliyejenga ngome mwaka 1651 kwenye kisiwa cha Mto Gambia, kile ambacho leo kinaitwa Kunta Kinteh.

Albrecht Friedrich aliugua akili, na alipokufa mwaka 1618 bila mwana wa kumrithi, Prussia ilikwenda kwa jamaa zake wa Brandenburg, ukoo wa yule binamu wa rehema. Mwaka 1657 walijitoa chini ya Poland. Mwaka 1701 walijivika taji la kifalme palepale Königsberg, Papa akipinga na Shirika likipinga. Mwaka 1772 walishiriki kuigawana Poland. Mwaka 1871 wakawa makaizari wa Ujerumani yote, na ndiyo maana babu zetu wa Tanganyika walishika rupia yenye sura ya Wilhelm wa Pili, amevaa helmeti iliyokaliwa na tai.

Shirika halikukubali kamwe kwamba limenyang’anywa kihalali. Kaizari alimpa mkuu wake mpya, Walter von Cronberg, haki ya Prussia kwenye karatasi, na mwaka 1532 akamharamisha Albrecht; hukumu hiyo haikutekelezwa hata siku moja. Königsberg inaitwa Kaliningrad tangu 1946, na tarehe 25 Februari 1947 mataifa manne yaliyoikalia Ujerumani yaliifuta Prussia kwa sheria. Lakini Shirika la Wateutoni lipo hadi leo. Tangu mwaka 1929 ni shirika la mapadri, makao yake makuu yako Vienna.